Shati la Masatu Melini

Ndani ya meli, baharini,
asubuhi, tumetoka Genova jana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje? Mguu unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua aliyokupa sista wa zahanati imesaidia au imeishia kunukisha chumba tu? Muhogo umeshaanikwa? Mimi huku ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimevurugika, tangu jana mchana hakijatulia, na ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Simu yako unaiweka sauti kubwa, ua zima linasikia, halafu inakatika pale pale penye neno. Hili ninalotaka kukwambia sitaki likatike katikati.

Najua anayekusomea ni wifi yangu Nyamisi, maana macho yako na maandishi yangu hayapatani siku hizi. Wifi, habari za hapo nyumbani? Nakuomba usome taratibu na usiruke kitu, hata ukifika penye jina lako. Na hicho kifurushi kilichofungwa kwa kitenge, kilichokuja pamoja na barua hii, kiwekeni mezani kwanza. Msikifungue mpaka niseme.

Niko kwenye meli ya matembezi, Mama. Yule Bibi Adele ninayemtunza, anayekusalimiaga kwenye simu kwa Kiswahili chake cha maneno mawili, watoto wake wamemlipia safari ya baharini, nami nikaambiwa nifungashe niende naye kwa sababu peke yake hawezi hata kufunga viatu. Nilipoambiwa meli nilifikiria kivuko cha kwenda Kinesi, nikaongeza ukubwa kidogo kwa heshima ya Wazungu. Nilibeba hata koti la mvua kwa ajili ya kukaa juu. Tulipofika bandarini nikawa naitafuta meli nisiione, kumbe ule niliodhani ni mtaa wa maghorofa ndiyo meli yenyewe. Niliinua shingo mpaka kilemba kikaanguka. Musoma nzima hakuna jengo la kulifikia lile dude, na kila ghorofa ina vibaraza ambako watu wameegemea wanakunywa vinywaji vyenye vipande vya matunda. Nikamuuliza Bibi kitu kama hiki kinaeleaje. Akasema hata yeye hajui, anaamini tu.

Ndani ndiko nilikopigwa na butwaa kabisa. Mtu unaingia melini unakuta ngazi za vioo, taa zinazoning'inia, mtu amekaa anapiga kinanda na wala si misa. Kuna maduka, kuna ukumbi wa michezo, kuna saluni. Lifti ni ya kioo, inapanda huku unaona watu wanakula ghorofa ya kwanza, wengine wanakula ya pili, na ukifika juu kabisa unakuta wengine nao wanakula. Nilisimama karibu na meza moja nikaangalia sahani ya samaki aliyeliwa upande mmoja tu ikiondolewa kwenda kutupwa, nikashika mdomo. Na huko juu, Mama, kuna bwawa. Wamebeba maji juu ya maji. Bahari yote ile imelala chini yao, wao wanapanda ghorofani kuoga kwenye beseni. Nilicheka mpaka Bibi akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza.

Kutafuta chumba chetu ilikuwa kazi nyingine. Ujia wenyewe ni mrefu, ukisimama mwanzo huwezi kumjua aliye mwisho kama ni mwanamume au mwanamke, na milango yote imefanana. Nilichomeka kadi, ndiyo funguo yao, kwenye mlango wa watu, akatoka mzee mmoja na taulo kiunoni, tukaangaliana. Tulipopata chumba chetu sikuamini kwamba vitu vyote vile vimeingia sehemu ndogo namna ile: vitanda viwili, kabati, meza, bafu, na mlango wa kioo wa kutokea kibarazani. Choo ukikibonyeza kinavuta kwa kishindo, nilitoka mbio nikidhani nimetoboa meli.

Mpaka hapo ilikuwa mishangao ya kuchekesha. Sasa sikiliza.

Unakumbuka niliwahi kukusimulia habari ya kile kimtungi cha mbao nyeusi kilichokaa kwenye kabati la sebuleni kwa Bibi, karibu na picha ya marehemu mume wake? Nilikwambia labda kiliwekewa majani ya chai, ila sijawahi kumwona akikifungua. Kila wiki nilikuwa nakipangusa vumbi. Siku za upepo nilikiegesha dirishani ili dirisha lisijipige. Jana Bibi Adele alikitoa kwenye mkoba wake wa mkononi, amekiviringisha kwa skafu, akakilaza juu ya mto wa kitanda chake. Akaniambia huyu ni Piero, nimemleta kwa sababu alitaka bahari.

Piero ni mume wake, Mama. Nilicheka kwanza, nikidhani uzee umeanza kumchanganya. Akafungua kifuniko kidogo, akaniita nione. Ni majivu. Huku wapo watu wanaoacha neno kabisa wakiwa hai kwamba wakifa wachomwe moto, na wengine padri anawaombea kama kawaida. Mzee Piero alichomwa kabla mimi sijafika nyumbani kwao, akaingizwa kwenye kile kimtungi, akawekwa kabatini. Muda wote huo mimi napika, nafua, naimba nyimbo za kwaya, na mwenye nyumba yuko sebuleni. Nimekuwa nikimpangusa vumbi mume wa watu. Nimemzuilia dirisha.

Nilikaa chini sakafuni.

Halafu sijui nini kilinipanda, nadhani ni wewe na shangazi zangu wote. Niliona tumo ndani na maiti na vitanda vimetandikwa mashuka meupe kama wageni wa harusi. Nikavua viatu. Nikavuta godoro langu nikalishusha chini, nikavuta na la Bibi, nikayapanga ukutani kama tunavyofanya kwenye msiba. Nikampa Bibi pole kwa mikono miwili. Kisha nikalia, Mama, nikalia kwa sauti kama mtu anayeingia ua wa wafiwa, maana nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ile bila kumlilia mwenyewe, na kwetu hilo ni aibu isiyosemeka.

Mlango ukagongwa. Akaingia mhudumu wa chumba, baba mmoja wa makamo kutoka Ufilipino, akakuta magodoro chini na mwanamke mweusi analia. Aliomba radhi mara nyingi, akaongea kwenye redio yake, na punde wakaja mafundi na spana kuangalia vitanda vimevunjika wapi. Walipiga magoti wakagonga kila chuma. Bibi Adele alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoweza kuongea akawaeleza, na yule baba akavua kofia yake, akainamisha kichwa mbele ya kile kimtungi, akatuachia magodoro yakae chini.

Bibi akaniambia wakati wa msiba wa Piero watu walileta maua, wakampa mkono, wakaondoka. Hakuna aliyelala chini kwa ajili yake. Akasema naye anataka kukaa pale, akajishusha mwenyewe kwenye godoro, na baadaye tukapata kazi kubwa ya kumwinua.

Tulipokuwa bado tumekaa chini, honi ya meli ikalia. Si honi ya kuaga, ni ile ya kukatakata, inatoka kwenye kuta zenyewe, kila upande, hujui pa kukimbilia. Kumbe ni mazoezi tu. Kila meli kabla haijaondoka lazima watu wafundishwe pa kusimama ikitokea hatari, na walikuwa wametangaza, ila mimi nilikuwa nalia sikusikia. Nilijua tumekwisha. Na katika kuchanganyikiwa kule, Mama, mkono wangu haukwenda kwenye pasipoti wala kwenye simu. Ulifungua sanduku, ukapita chini ya nguo zote, ukatoka na shati la Masatu.

Ndiyo, Mama. Lile lile. Sijawahi kuliacha mahali.

Tulipanda ngazi hadi sehemu tuliyopangiwa, tukasimama mstari pamoja na watu wa likizo, wengine wamevaa nguo za kuogelea, wanacheka, wanapigana picha na maboya yao ya kuvaa kifuani. Tuliambiwa tusibebe kitu. Bibi Adele amekumbatia kimtungi chini ya boya. Mimi nimekumbatia shati. Akaliangalia muda mrefu, doa la vanishi kifuani, mfuko uliochanika kwa penseli. Nilitegemea aniulize hiki ni nini. Hakuuliza hivyo.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni kaka yangu.

Nilimweleza yote pale pale kwenye mstari. Kwamba alikuwa seremala, kwamba hakuwa hata mvuvi, alikuwa anavuka na mbao kwenda kuezeka nyumba kisiwani, boti likapinduka mchana kweupe. Kwamba wenzake walishikilia zile mbao wakaokolewa na yeye hakuonekana tena, si siku ile, si baada ya siku zile zote ambazo wanaume wa kijiji walilala ufukweni. Kwamba wazee walisema tuzike mgomba kwa niaba yake, uviringishwe kwa nguo aliyoivaa ambayo haijafuliwa wala kuvaliwa na mwingine, ili msiba ufungwe na watu wapumzike. Na nikamweleza ulivyosimama mlangoni ukawaambia, nakumbuka kila neno, "Mwanangu sijamuona amekufa. Huyu alikuwaga anachelewa tangu mtoto. Mtazikaje mtu aliyechelewa tu?"

Nguo zake nyingine uliwagawia watu upesi upesi zikavaliwa. Likabaki hili shati la kazi, lililokuwa kwenye msumari. Siku naondoka kuja huku ulilitia kwenye sanduku langu kwa mkono wako, ukanishika bega. "Nenda nalo mbali. Wasipokuwa na nguo yake hawana cha kuzika." Nililichukua kwa moyo wote, Mama. Nilikuwa upande wako, na sikuwahi kuwaza kwamba kuna upande mwingine.

Bibi Adele hakuuliza habari ya upepo wala boti wala ziwa letu kubwa kiasi gani. Aliuliza swali moja, nami nalileta kwako jinsi lilivyo.

"Mke wake analala wapi?"

Wifi, usiruke hapa.

Nikamjibu kwamba Nyamisi analala katika nyumba aliyojengewa na Masatu, na kwamba mlango hafungi komeo. Anaufunga kwa kamba tu, kwa sababu Mama alisema mtu akirudi asije akasimama nje anagonga kama mgeni. Nikasema si mjane, kwa hiyo hakunyolewa wala hakukaa msibani, wala ndugu zake wa Bunda hawajaja kumpa pole. Na si mke, kwa sababu mume hayupo. Hakuna anayeweza kumuuliza anataka kukaa au kwenda, maana ukimuuliza umesema Masatu amekufa. Nilikuwa nikiyasema hayo kwa Kitaliano, na kwa Kitaliano yakanishtua. Kwa lugha yetu nilikuwa nimeshayazoea. Bibi akauliza Nyamisi ana umri gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa akaangalia pembeni.

Baadaye meli ilipong'oa nanga tulikaa kwenye kibaraza chetu. Watu juu walikuwa wanacheza muziki, mji unarudi nyuma polepole. Bibi alikuwa amempakata mume wake mapajani. Akaniambia, "Piero aliomba bahari. Mimi ndiye niliyemweka kabatini, kwa ajili yangu. Niliogopa sebule tupu." Akasema ameshapata kibali cha wenye meli, na leo mchana atamwachia majini, ila mikono yake inatetemeka, nami nimsaidie kushika. Nimekubali. Nimemwambia pia nitalia kama tunavyoliaga, akasema ndicho alichotaka kuniomba.

Mimi nikafunua shati nililokuwa nalo mapajani, nikaliweka usoni kama nilivyokuwa nikifanya siku za mwanzo nilipokukumbukeni sana. Mama, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa kitu chochote cha meli hii. Halina harufu. Ile ya vanishi imekwisha, ya jasho lake imekwisha. Linanukia sanduku langu na sabuni ya nguo zangu za huku. Nililigeuza, nikalinusa kwapani, kwenye kola, mfukoni. Hayupo. Tulimficha wazee wasimchukue, kumbe anaondoka mwenyewe taratibu huku tunamlinda.

Nikasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwamba Masatu amekufa. Nikashika chuma cha kibaraza nikangoja kitu kitokee. Niliogopa nikidhani hapo hapo nitasikia umeanguka huko Nyegina. Hakuna kilichotokea. Watu wa kibaraza cha jirani walikuwa wanalipiga picha jua. Nikalia mpaka nikachoka, na Bibi naye akalia, sijui yeye alikuwa anamlilia nani kati ya wale wawili, na sikumuuliza.

Mama, usiseme Nyangeta amekwenda Ulaya amebadilika. Sijabadilika. Siwezi kumchoma mtu, siwezi kumweka kabatini, na leo mchana nitakapomwona mzee Piero anakwenda na maji najua nitaumia kama nimefanya kosa. Lakini nimegundua kwamba Bibi Adele na mimi tulipanda meli hii tukiwa sawasawa, kila mmoja na wake ndani ya mzigo, na yeye mwenye miguu mibovu ndiye aliyejua anampeleka wapi. Mimi nilikuwa nazunguka naye tu.

Siwezi kukuamrisha. Wewe ndiye uliyemzaa, na mimi sina mtoto wa kuweza kukwambia najua. Nakuomba tu. Meli itatia nanga kesho, nami nitashuka kutuma barua hii pamoja na kifurushi. Nakuomba usiliite baraza la wazee kwanza, wala usimwite baba mdogo. Shati hili si la wazee. Na mimi na wewe tulilichukua kama letu, na halikuwa letu. Lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayekusomea.

Nisalimie baba mdogo wa Buhare, mwambie simpingi tena habari ya kuzika mgomba, ila avute subira apewe neno na wanaohusika. Nisalimie shangazi wa Bunda mwenye genge la vitenge, hicho kilichofunga kifurushi ni chake, bado hakijapauka. Mama mkubwa wa Butiama mwambie magoti ya Bibi Adele yanamsumbua kama yake, na Ulaya nako hawana dawa. Binamu zangu wa Suguti waambie nimeona samaki akitupwa nusu, watajua jinsi nilivyojisikia. Katekista mpe salamu, aniweke kwenye maombi ya leo mchana, ingawa atakapoipata salamu hii mchana wenyewe utakuwa umeshapita.

Wifi, ahsante kwa kusoma bila kuruka. Kama sauti imekukauka, kunywa maji kwanza.

Sasa fungueni kifurushi. Mama, lichukue wewe, ulinuse kama nilivyolinusa, ulilalie kidogo ukitaka. Kisha nyosha mkono umpe Nyamisi mke wa Masatu, na aseme yeye kama liende kwenye mgomba au libaki kwake, nawe umkubalie. Na komeo la ule mlango, alilolichonga Masatu mwenyewe, lipo ukutani, halijatumika tangu aondoke. Nakusihi umwambie kwa mdomo wako, maana bila wewe hatathubutu: leo jua likizama alale amelifunga.

Ni mimi binti yako anayekulilia kutoka mbali,
Nyangeta.